Alama zetu zirudi pamoja nasi: barua ya wazi kwa Makamu wa Chansela na Seneti

Mheshimiwa Makamu wa Chansela,
Waheshimiwa wajumbe wa Seneti,
Wakuu wa vitivo na idara,

Shikamooni.

Ninawaandikia nikiwa mwanafunzi wa mwaka wa tano katika programu ya takwimu ya miaka minne. Sikufeli. Sikuahirisha masomo kwa ugonjwa wala kwa kukosa ada. Mwaka huu wa tano umezaliwa na muhula mmoja niliousoma nje ya nchi, katika chuo mshirika, kwa barua iliyotiwa saini na chuo hiki hiki.

Nimeamua kusema hadharani kwa kuwa njia za ndani nimezipita zote. Nimeiandikia idara, nimekiandikia kitivo, nimekaa kwenye benchi la nje ya ofisi ya masajala mpaka makarani wakanizoea. Kila niliyemwona alinisikiliza kwa upole, na kila mmoja alinielekeza kwa mwingine. Siwalaumu. Nimeelewa kwamba hakuna hata mmoja wao aliyepewa mamlaka ya kulimaliza jambo hili, ndiyo maana nimelileta kwenu ninyi mlio nayo.

Tulichaguliwa wanafunzi sita. Siku ya kuagwa tulipigwa picha mbele ya jengo la utawala, tukaambiwa sisi ni mabalozi wa chuo chenye mtazamo wa kimataifa. Maneno yale niliyaamini, na bado nayaamini. Swali langu lilikuwa moja tu siku ile: kozi nitakazosoma huko zitahesabiwa? Nikajibiwa, "Mkataba upo."

Mkataba ulikuwepo kweli. Niliusoma baadaye, nikiwa nimesharudi na shida imenifika. Una kurasa nne. Unasema vyuo viwili vitashirikiana kubadilishana wanafunzi, wahadhiri na machapisho, kwa moyo wa kuheshimiana. Hausemi ni nani atakayelinganisha kozi za huku na za kule, atafanya hivyo lini, wala atatumia kigezo gani. Kwa mwanafunzi, hayo matatu ndiyo mkataba wenyewe.

Huko nilisoma kozi tano na nikafaulu zote. Nilirudi na nakala ya matokeo yenye muhuri, nimeambatisha muhtasari wa kila kozi, orodha ya vitabu, idadi ya saa za mihadhara, hata maswali ya mitihani. Idara ikakubali mbili. Tatu zikakataliwa. Kozi iliyoniuma zaidi iliitwa Michakato ya Nasibu, nami nilitaka isimame badala ya Nadharia ya Uwezekano II ya mtaala wetu. Jibu lilikuja katika mstari mmoja: majina ya kozi hayafanani. Muhtasari nilioambatisha ulirudishwa kwangu ukiwa bado umebanwa pini kama nilivyoubana mimi. Na kwa kuwa kozi hizo tatu hufundishwa mara moja kwa mwaka, nilingoja zamu yake izunguke.

Basi nikaisoma Nadharia ya Uwezekano II. Wiki ya nane mhadhiri akafika kwenye minyororo ya Markov (mifuatano ya matukio ya nasibu ambayo linalofuata hutegemea hali ya sasa tu), mada ambayo kule tuliisoma kwa mwezi mzima. Aliuliza swali, darasa likanyamaza, nikajibu. Akauliza la pili, nikajibu. Mwisho akanipa kalamu ya ubao, akasema, "Njoo uwaeleze wenzako." Nikasimama mbele ya wanafunzi zaidi ya themanini, nikaeleza kwa nini mnyororo unaweza kutulia kwenye mgawanyo mmoja hata uanzie wapi. Walielewa. Wengine walikuja baada ya kipindi kuniomba madaftari yangu.

Nilipotoka darasani siku hiyo nilikaa ngazini nikalia. Chuo kilikuwa kimeniamini kufundisha kitu ambacho, kwa mujibu wa masajala, sikuwahi kukisoma.

Waheshimiwa, hoja ya barua hii ni hiyo. Mnapoulizwa kuhusu mtazamo wa kimataifa, huwa mnataja idadi ya hati za makubaliano na idadi ya nchi zilizomo. Ninawaomba mpime kwa kitu kingine: ni wanafunzi wangapi waliokwenda, wakarudi, na alama zao zikarudi pamoja nao. Kwenda kunategemea balozi, mashirika ya ndege na wafadhili, mambo yaliyo mikononi mwa watu wengine. Kupokea elimu ya mtu aliyerudi kumo mikononi mwenu peke yenu.

Na suala hili si geni kwenu ninyi wasomi. Kutambua elimu iliyopatikana mbali ni jambo la zamani kama usomi wenyewe. Mwanachuoni wa Kiislamu aliyekuwa akisafiri mji hadi mji kutafuta elimu alirudi na ijaza: ruhusa ya maandishi kutoka kwa mwalimu wake, ikitaja kitabu alichosoma na kumruhusu akifundishe. Aliporudi kwao hakuulizwa kama jina la darsa lake lilifanana na la kwao. Aliulizwa amesoma nini, kwa nani. Katika Ulaya ya zama za kati nako kulikuwa na kitu cha namna hiyo. Papa Gregory IX alipokipa Chuo Kikuu cha Toulouse haki zake mwaka 1233, alitamka kwamba aliyepewa leseni ya ualimu hapo aweze kufundisha popote bila kutahiniwa upya. Si kila chuo kililitii agizo hilo, na vyuo vikubwa vilipenda kujiona bora kuliko vingine. Lakini fikra ilikuwepo tangu karne ya 13, kwamba elimu iliyothibitishwa mahali pamoja haifi inapovuka mpaka.

Fikra hiyo leo ni sheria ya kimataifa. Mwaka 1997, mjini Lisbon, Baraza la Ulaya na UNESCO walipitisha mkataba wa kutambua sifa za elimu ya juu. Ndani yake kuna kanuni mbili ninazotamani kila mkuu wa idara azibandike ukutani. Ya kwanza: sifa, au kipindi cha masomo kilichosomwa nje, kitambuliwe isipokuwa kama ipo tofauti kubwa ya msingi. Tofauti ya jina haitoshi, wala tofauti ndogo ya mada au ya saa. Ya pili ndiyo iliyonifanya nisimame nilipoisoma mara ya kwanza: mzigo wa uthibitisho uko kwa chombo kinachotathmini. Si kazi ya mwanafunzi kuthibitisha kwamba kozi zinafanana. Chuo kinachotaka kukataa ndicho kinachopaswa kuonyesha kwamba zinatofautiana kiasi cha kuharibu lengo la programu.

Nchi za Afrika nazo zina mkataba wao, uliopitishwa Addis Ababa mwaka 2014 na kuanza kutumika Desemba 2019. Kisha Novemba 2019, jijini Paris, Mkutano Mkuu wa UNESCO ukapitisha mkataba wa dunia nzima kuhusu utambuzi wa sifa za elimu ya juu, wa kwanza wa aina yake kuvuka mipaka ya mabara, nao ukaanza kutumika Machi 2023. Mtu anaweza kuniambia kwamba mikataba hiyo huzifunga serikali zilizoiridhia tu. Ni kweli. Lakini hakuna kinachoizuia Seneti kuandika kanuni zile zile katika kanuni zake za masomo. Hilo halihitaji saini ya waziri wala bunge, linahitaji kikao kimoja.

Nimefikiria pia hofu yenu, maana ninajua ipo na ninaiheshimu. Shahada ya chuo hiki ina thamani kwa kuwa mmeilinda. Mkikubali kila karatasi yenye muhuri wa kigeni, kesho mtu atanunua alama mahali fulani na kuja kudai shahada. Mkuu wa idara anayekataa kozi asiyoijua anaamini analinda kitu ambacho nami nitakibeba maisha yangu yote. Nisingependa alegeze ulinzi huo hata kidogo.

Ninachoomba ni kwamba aulinde mapema. Kozi ikaguliwe kabla ya mwanafunzi kupanda ndege. Akiona haifai, aseme wakati ule ambapo mwanafunzi bado anaweza kuchagua nyingine, au kuamua kubaki. Ukaguzi unaofanyika baada ya mtu kurudi haulindi shahada zaidi ya ule wa mwanzo. Tofauti yake ni kwamba gharama yote ya jibu la "hapana" imeshahamishiwa kwa mwanafunzi.

Mfano upo, na umejaribiwa kwa muda mrefu. Mpango wa Erasmus, wa kubadilishana wanafunzi barani Ulaya, ulianza mwaka 1987 na wanafunzi 3,244 kutoka nchi 11. Leo waliopitia mpango huo na matawi yake wamezidi milioni 10. Watu husifu fedha zake, na kweli fedha zimesaidia. Kwa maoni yangu kilichoukuza zaidi ni karatasi moja isiyo na mvuto wowote, inayoitwa makubaliano ya masomo. Inajazwa kabla ya safari. Upande mmoja zinaorodheshwa kozi atakazosoma mwanafunzi katika chuo mwenyeji, upande wa pili zinaorodheshwa kozi za chuo chake zitakazochukuliwa kuwa zimekamilika. Inatiwa saini na watatu: mwanafunzi, chuo kinachompeleka na chuo kinachompokea. Akifika akakuta kozi imefutwa au vipindi vinagongana, karatasi inarekebishwa na kusainiwa upya. Akimaliza, chuo mwenyeji kinatuma nakala ya matokeo, kwa kawaida katika muda usiozidi wiki tano baada ya matokeo kutoka, na chuo chake kinaingiza krediti za kozi hizo, yaani pointi za uzito wa kila kozi, bila mwanafunzi kuomba tena.

Bila mwanafunzi kuomba tena. Mimi niliomba mara saba.

Chini ya karatasi hiyo upo mfumo wa kuhesabu uzito wa kozi kwa kipimo kimoja. Katika mfumo wa krediti za Ulaya, mwaka mzima wa masomo ni krediti 60, na krediti moja ni kazi ya saa 25 hadi 30, ikiwemo mihadhara, kusoma peke yako na kujiandaa kwa mtihani. Kwa kipimo hicho mtu hana haja ya kubishana kuhusu majina. Anatazama kozi inadai kazi kiasi gani, na mwisho wake mwanafunzi anatakiwa aweze kufanya nini. Mtaala wetu una malengo ya kila kozi, yameandikwa vizuri kabisa na wahadhiri wetu. Sijui kwa nini hayafunguliwi siku mwanafunzi aliyerudi anapoleta maombi yake.

Kuna suala la alama pia, ambalo huumiza kimyakimya. Ufaransa alama hutolewa kati ya 0 na 20, na anayepata 16 huhesabiwa amefanya vizuri sana. 14 ni vizuri. Anayejua mfumo ule anajua kwamba 18 ni nadra. Ujerumani mpangilio umegeuzwa: 1.0 ndiyo alama ya juu kabisa, na 4.0 ndiyo ya mwisho ya kufaulu. Sasa karani akichukua 14 ya 20, akaigeuza kuwa asilimia 70 kwa kikokotozi, amemshusha mwanafunzi aliyekuwa miongoni mwa wazuri wa darasa lake. Si kosa la karani, ndivyo alivyoelekezwa. Njia ya haki inajulikana: unatazama katika darasa lile ni sehemu gani ya wanafunzi waliopata alama hiyo au zaidi, kisha unatafuta alama inayoshika nafasi hiyo hiyo hapa kwetu. Vyuo vingi vina majedwali ya mgawanyo wa alama zao na huyatoa vikiombwa. Mwenzangu mmoja kati ya wale sita alikosa daraja la kwanza kwa sababu ya hesabu ya kikokotozi. Hakulalamika. Alisema amechoka, akaenda mahafali, akachukua cheti chake.

Wa pili kati yetu alirudi akakuta kozi zake zote zimekubaliwa, kwa kuwa mkuu wa idara yake alikuwa amesoma uzamili wake katika nchi ile ile na aliijua. Nilifurahi kwa ajili yake. Lakini chuo kimoja, mkataba mmoja, muhula mmoja, na majibu mawili yanayopishana kwa sababu ya historia ya maisha ya mtu aliyekalia kiti: hiyo si kanuni, hiyo ni bahati.

Na habari za bahati mbaya husafiri haraka kuliko matangazo ya chuo. Mwaka uliofuata, mwanafunzi wa mwaka wa pili mwenye kipaji kuliko mimi alinifuata maktaba kuniuliza kama aombe nafasi. Nilimweleza ukweli wote, mazuri na mabaya. Nilimwambia kwamba muhula ule ulinifungua macho, kwamba niliona namna nyingine ya kufundisha takwimu, ambapo kila Ijumaa mwanafunzi hutetea kazi yake mbele ya darasa na kuulizwa maswali hadi jasho limtoke. Alisikiliza. Kisha akasema nyumbani kwao hawawezi kubeba mwaka wa ziada, akafunga begi lake. Sikuwa na neno la kumrudisha.

Hapo ndipo fedha inapoingia, na nitalisema kwa kifupi kwa kuwa wengine wamelisema kabla yangu. Utaratibu wa sasa wa kumrejeshea mwanafunzi gharama baada ya safari, kwa kuleta risiti, unachagua watu kabla kamati haijakaa. Mwenye wazazi wanaoweza kumkopesha tiketi na viza ndiye anayekwenda. Katika mpango wa Erasmus nilioutaja, mwanafunzi hupewa sehemu kubwa ya ruzuku yake mwanzoni. Kiasi ni kile kile kwa mfuko wa chuo, kilichobadilika ni tarehe ya malipo.

Tarehe zinaumiza kwa namna nyingine pia. Fursa nyingi za ufadhili wa uzamili hufunga dirisha mapema kuliko wanafunzi wanavyodhani. Programu za Erasmus Mundus, yaani shahada za uzamili zinazoendeshwa kwa pamoja na vyuo vya nchi kadhaa, zilizoanza mwaka 2004, nyingi hupokea maombi kati ya Oktoba na Januari kwa masomo yanayoanza mwaka wa masomo unaofuata. Mitihani ya Kiingereza kama IELTS na TOEFL matokeo yake huhesabika kwa miaka miwili tu, hivyo anayefanya mapema mno anapoteza fedha, na anayechelewa anapoteza dirisha. Ufadhili wa Chevening wa serikali ya Uingereza, uliopo tangu 1983, hudai uzoefu wa kazi wa takribani miaka miwili, maana yake mwanafunzi wa mwaka wa mwisho hapaswi kuuota kwa mwaka ule bali kuupangia. Mambo haya hayana siri hata moja. Lakini hapa kwetu huyajua yule mwenye kaka aliyesoma nje, au aliyebahatika kukaa karibu na mhadhiri anayependa kuongea. Tangazo likibandikwa Machi, wenye habari walishaomba Novemba.

Afisa wa ofisi ya uhusiano wa kimataifa anajitahidi kwa kiwango ambacho sijui kama kinaonekana huko juu. Ni mmoja, anahudumia vitivo vyote, anaandika barua za viza, anapokea wageni uwanja wa ndege usiku, anatafuta vyumba. Ila hana kiti kwenye Seneti wala kwenye kamati za masomo za vitivo. Anaweza kufungua mlango wa kutoka, hawezi kufungua wa kurudia. Kama kuna mabadiliko mamoja ya kiutawala ambayo ningeyataka kuliko mengine, ni kwamba ofisi ile iwe na sauti mahali ambapo krediti zinaamuliwa.

Nimezungumza mno juu yetu tunaosafiri, na ninajua tu wachache. Wengi wa wanafunzi wa chuo hiki hawatapanda ndege wakiwa masomoni, hata ruzuku ziongezwe mara tatu. Mtazamo wa kimataifa unaowaacha wao nje si wa chuo, ni wa wasafiri. Chuo Kikuu cha Malmö, Sweden, kilifunguliwa mwaka 1998. Kwa uchanga wake hakikuwa na mtandao wa washirika wa kuwapeleka wanafunzi. Bengt Nilsson, aliyekuwa akisimamia uhusiano wa kimataifa hapo, akaja na wazo la kuleta ukimataifa nyumbani: mitaala yenyewe ibebe mifano na hoja za dunia nzima, na mji uliokuwa na wahamiaji wengi uwe sehemu ya darasa. Wazo lile limeenea vyuo vingi tangu hapo, na baadhi vimeliongezea kozi zinazofundishwa kwa pamoja kupitia intaneti, wanafunzi wa nchi mbili wakifanya kazi moja chini ya wahadhiri wawili, bila pasipoti.

Sisi tunayo malighafi ya wazo hilo na tunaiacha ikae bure. Kila mwaka wanarudi wanafunzi ambao wameona maabara inavyoendeshwa kwingine, wameona namna nyingine ya kusahihisha, wameshika programu za kompyuta ambazo hapa hazijafika. Hakuna anayewaita. Mimi nilipewa kalamu ya ubao kwa bahati, na kwa dakika ishirini watu zaidi ya themanini walinufaika na safari yangu. Fikirieni kama lingekuwa jambo la kupangwa.

Na wapo wanaokuja kwetu. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Wageni wetu wanapewa bweni lao, ziara yao, mwongozaji wao, na mara nyingi hata kikundi chao cha semina. Nia ni njema, wasipotee, wasisumbuke. Matokeo yake wanakaa hapa muhula mzima na kuondoka bila kujua jina la mwanafunzi mmoja wa jengo la pili, na sisi hatujui la kwao. Nilipokuwa huko nje nami niliwekwa hivyo wiki tatu za kwanza, kwenye jengo la wageni peke yetu. Nilikuja kuielewa nchi ile siku nilipopangiwa kazi ya kikundi na wenyeji watatu waliobishana nami kuhusu kila jedwali. Wageni wetu wapangiwe vikundi pamoja nasi. Hakuna bajeti inayohitajika kwa hilo.

Nimeombwa na baadhi ya walionisomea rasimu ya barua hii niwaandikie orodha ya madai. Sitaki kuwaletea orodha ndefu, najua hatima ya orodha ndefu. Ombi langu kubwa ni moja, na mengine yananing'inia humo: Seneti ipitishe kanuni kwamba hakuna mwanafunzi wa chuo hiki atakayeondoka kwa mpango wa kubadilishana bila makubaliano ya masomo yaliyosainiwa na mkuu wa idara yake, yakionyesha kozi kwa kozi, na kwamba akifaulu kozi hizo, krediti zitaingizwa na masajala ndani ya muda uliotajwa kwenye kanuni. Idara inayotaka kukataa kozi itoe sababu kwa maandishi, ikigusa malengo na maudhui, na mwanafunzi awe na mahali pa kukata rufaa ambapo si kwa mtu yule yule aliyemkataa. Alama zigeuzwe kwa jedwali. Kazi ya kulinganisha inayofanywa kwa mwanafunzi mmoja ihifadhiwe, ili wa pili anayekwenda chuo kile kile akute njia imeshalimwa. Baada ya miaka mitatu minne mtakuwa na daftari la kozi zinazokubalika kwa kila mshirika, na mkuu wa idara atatumia dakika tano pale ambapo sasa anatumia wiki.

Mikataba isiyowahi kupeleka wala kupokea mtu, na nimeelezwa iko mingi, muiache imalizike. Mitano inayofanya kazi ni heshima kwa chuo kuliko hamsini iliyoko kwenye makabati.

Kwa upande wangu sitanufaika na lolote kati ya haya. Nimebakiza mtihani mmoja, na nikifaulu nitavaa joho mwaka huu, mwaka mmoja baada ya wenzangu nilioanza nao. Sitaki fidia. Faili langu ninalo: mihtasari mitano ya kozi, nakala ya matokeo, barua zangu saba na majibu manne niliyopata. Nitalileta mbele ya kamati yoyote, saa yoyote mtakayonitaka, nikae niulizwe.

Kundi lijalo ni la wanafunzi tisa. Wanaondoka baada ya wiki kumi na moja. Nimewauliza mmoja mmoja, na hakuna hata mmoja ambaye kozi zake zimekaguliwa na mtu yeyote.

Wenu katika masomo,

Mwanafunzi wa shahada ya kwanza ya takwimu, mwaka wa tano